Baba wa Mtawa Apitia Ziwani

Njia za kufika Roma ni nyingi, na Mansuetus Kinunda wa Mpepai aliwekewa zote mezani akachagua iliyo mbovu kuliko nyingine. Tena aliichagua kwa kufikiri. Mtu akipotea kwa kutojua tunamwonea huruma. Huyu alijua, na ndiyo maana kijana wa tiketi alimwangalia mara mbili.

Kijana mwenyewe ni Hamphrey, ana kibanda karibu na stendi ya Mbinga. Anapiga picha za pasipoti, anachapa barua za kuomba kazi, na anakata tiketi za ndege kwa kompyuta yake ndogo. Masista wa Roma walikuwa wameshalipia kila kitu kupitia parokia. Viza nayo ilikuwa imetoka; Mansuetus alikwenda Dar kwa basi mwezi wa pili kuweka alama za vidole, akarudi miguu imevimba. Kilichobaki ni kuchagua safari.

"Kutoka Dar kuna ndege ya kupitia Addis Ababa," alisema Hamphrey. "Hiyo ndiyo fupi. Ipo ya Doha, na ipo ya Istanbul. Mimi ningekushauri ya Addis. Ukiondoka Alhamisi, Ijumaa asubuhi uko Roma, unapumzika kabla ya misa ya Jumapili."

"Ipi inafika mwisho?"

"Mwisho kivipi, mzee?"

"Ambayo baada ya hiyo hakuna nyingine."

Hamphrey akamwangalia. "Ya Istanbul, ya Ijumaa usiku. Inafika Jumamosi mchana. Lakini ukiikosa hiyo, misa utaisikilizia kwenye simu."

"Nikatie hiyo. Na kwenda Dar nitapitia ziwani."

Hapo ndipo Hamphrey alipomwangalia mara ya pili. Kupitia ziwani maana yake ni kushuka Mbamba Bay, kupanda meli hadi Kyela, kutafuta gari la Mbeya, ndipo upande ndege ya Dar. Na ndege ya Songea ipo, mwendo wa gari tu kutoka pale walipokaa. Kwa watu wa milimani, meli ya Ziwa Nyasa ni kama mkwe mkubwa: anategemewa, anapikiwa, na siku ya kufika anaijua mwenyewe.

"Nataka kuwaaga shemeji zangu wa Chiwanda," alisema Mansuetus. "Mtoto ni wao pia."

Sababu ilikuwa nzuri na hakuna mwenye adabu ambaye angeipinga. Marehemu mkewe, Eunice, alikuwa Mnyasa wa Chiwanda, na Marselina, mtoto wao pekee, alilelewa likizo nyingi kwenye mchanga wa huko. Huyo Marselina sasa ni Sista Marselina, na Jumapili ile alikuwa anaweka nadhiri za daima. Katika shirika lake baba ndiye anayemshika binti mkono mlangoni mwa kanisa na kumpeleka hadi altareni. Alikuwa ameandika tangu Krismasi: baba, sitaki mwingine anishike.

Mansuetus hakujibu hapana. Katika ukoo wa akina Kinunda, baba asiyetaka kumtoa binti yake hasemi hapana kwa mdomo; huko ni kuwatukana wakwe na kumtukana mtoto. Siku ya wakwe kufika, anachukua jembe anakwenda shamba la mbali. Wakwe wanakuta kiti kitupu, wanaelewa, wanakula wanachopewa na kuaga kwa heshima. Kisha mashangazi wanamfuata huko na unga na kuku. Wanakaa chini, wanambembeleza, na yeye anasema yote: kwamba huyu ndiye aliyekuwa anamjua anapoumwa kabla hajasema, kwamba nyumba itapoa. Akimaliza kusema anakung'uta suruali na kurudi nao. Hakuna binti wa Kinunda aliyewahi kuzuiliwa kwa njia hiyo, na hakuna baba aliyewahi kunyimwa kubembelezwa kwake.

Basi Mansuetus alikuwa anakwenda shamba la mbali. Lake lilikuwa na maji, hiyo tu ndiyo tofauti.

Tusimcheke haraka. Mwezi ule wa nne, kila nyumba ya Mpepai ilikuwa mlimani kwenye ngolo, mashimo yetu ya kilimo yanayozuia mvua isibebe udongo. Mwanamume analaza nyasi kwa miraba, mwanamke anafuata kwa jembe na kuzifukia. Mansuetus alilaza nyasi zake, akageuka, nyuma hapakuwa na mtu. Dada yake Bonifasia ndiye aliyekuja baadaye kuzifukia, baada ya kumaliza la kwake. Alikuwa anaogopa. Aliogopa kuzeeka katika nyumba ambayo hakuna wa kumwita baba, na aliogopa mkono wa Marselina ukitoka kwenye wa kwake mbele ya watu weupe wanaoimba.

Chiwanda alipokewa vizuri kupita alivyostahili. Tobias, kaka wa marehemu Eunice, alimkaangia samaki wa ziwani, mbasa, akamwombea kwa sala ndefu ya Kianglikana, kisha akamsindikiza hadi Mbamba Bay Alhamisi asubuhi kuingojea meli. Meli haikuja. Wasafiri walikaa juu ya magunia yao mpaka giza likaingia, mama mmoja akalalamika kwamba kuku wake watamfia. Mansuetus alilala nyumba ya wageni. Usingizi wake ulikuwa wa mtu aliyeshinda kesi, ila kila alipozinduka alijikuta ameuma meno.

Ijumaa asubuhi, akiwa amekaa na Tobias karibu na chanja za kuanikia usipa, dagaa wa ziwa hilo, simu ikalia. Ilikuwa Roma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Nzuri. Uko wapi?"

"Mbamba Bay. Meli haijafika. Sasa tufanyeje, ni mambo ya Mungu."

"Baba, Shangazi Bonifasia ameniambia ulipewa ndege ya Songea ukaikataa."

"Nilitaka kuwasalimia wajomba zako."

"Nimekuelewa tangu siku uliyoondoka nyumbani. Na mimi ni Kinunda." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeongea ndani ya nyumba yenye watu wengi. "Shangazi alitaka kukufuata huko na unga. Nimemkataza."

"Kwa nini umkataze?" Swali lilimtoka kabla hajalizuia, na aibu ikamjaa usoni, maana lilikuwa limesema kila kitu.

"Kwa sababu huku hakuna anayeijua habari hiyo, baba. Misa haitasimama. Jumapili usipoonekana, Mama Mkuu atasema maskini, mzee amekosa ndege. Atamwita mzee anayetunza bustani anishike mkono. Watanionea huruma kidogo, wimbo utaendelea. Hakuna atakayejua kwamba baba yangu amekataa. Nitajua mimi peke yangu."

"Sijakataa."

"Umekwenda shamba, baba. Mimi nitaingia hata hivyo, nataka ulijue hilo. Lakini nyumbani baba akienda shamba anafuatwa, anasema ya moyoni, yanaisha. Haya yetu hayataisha. Shangazi akikufikia huko misa itakuwa imeshapita, na mimi nikishaingia siwezi kutoka kuja kukurudisha. Yatabaki hivyo mpaka mmoja wetu azikwe."

"Marselina. Unalia?"

"Silii. Nina zamu ya vyombo, wananiita." Simu ikakatika.

Mansuetus alibaki ameishika simu sikioni. Siku zote hizo alikuwa ameiona picha nzuri: kiti kitupu Roma, makasisi wakinong'onezana, misa ikiahirishwa, na Marselina akipanda ndege kuja kukaa chini sakafuni kwake kumwomba. Alitaka kubembelezwa. Mzee mzima mwenye mvi, mjumbe wa kamati ya parokia, ndicho tu alichokuwa anakitafuta. Na kwa kukitafuta alikuwa amemtupia mtoto wake neno zito kuliko hapana yoyote ya mdomo, akiwa mbali asikoweza kulijibu. Alijichukia pale pale, waziwazi, kama mtu anavyomchukia jirani.

Wakati huohuo honi ikalia ziwani. Watu wakainuka, magunia yakaenda vichwani. Tobias akauchukua mkoba wa shemeji yake.

"Hiyo hapo, shemeji. Mungu hamtupi mja wake."

"Inafika lini Kyela?"

"Kesho, ikienda vizuri."

"Basi siipandi. Gari gani linakwenda Mbinga sasa hivi?"

Tobias aliuweka mkoba chini taratibu. Alimtazama kwa muda, na Mansuetus akaona kwamba shemeji yake naye alikuwa anajua tangu Chiwanda, na kwamba ile sala ndefu haikuwa ya safari.

"Ya asubuhi yameshaondoka yote," alisema Tobias. "Lipo la Salvatory, anapeleka usipa. Ukimbie."

Alikimbia. Huku akikimbia alimpigia Hamphrey amwangalizie nafasi katika ndege ya Songea ya mchana ule, na Hamphrey, ambaye ni mtu wa kupenda kuuliza, safari hii hakuuliza. Baada ya muda alipiga yeye. Nafasi ipo, amekata. Lakini mzee ajue kwamba wakishafunga pale Songea, wamefunga.

Salvatory alikuwa dereva wa maneno machache na mguu mzito. Gari lake dogo lilinuka usipa mpaka kwenye usukani, na lilipanda zile kona za kutoka ziwani likinguruma. Lami ilikuwa imelowa, mvua ya usiku bado inatiririka mitaroni. Mansuetus alikaa mbele, mkoba magotini, ndani yake suti aliyoshonewa na fundi wa Mbinga. Kila kona ilipopita alihesabu kwamba amekombolewa kidogo. Mbele yao wakaanza kuona watu wamesimama barabarani.

Mlima ulikuwa umeshuka. Udongo mwekundu na mawe na migomba mizima vilikuwa vimelala juu ya lami, upana wa kiwanja cha mpira, na upande wa pili yalionekana magari mengine yamesimama vilevile. Mtu mwenye koti la mvua alisema tingatinga limeitwa, labda litafika jioni.

Salvatory akazima gari. "Mzee, hapo sina la kufanya."

Na Mansuetus, ambaye alikuwa amekimbia, ambaye alikuwa ameomba Mungu kona baada ya kona, alihisi kitu kikifunguka kifuani. Ilikuwa furaha. Hii sasa ilikuwa haki. Mlima hakuushusha yeye. Angepiga picha, angemtumia Marselina, na Marselina angeona mwenyewe kwamba baba alitaka kuja, udongo ukamzuia. Hata kule kukataa kungefutika. Angerudi Mpepai na mikono safi, na mkono wa mtoto wake usingekuwa umetoka kwake. Alikuwa ameshaitoa simu mfukoni.

Furaha ile ndiyo iliyomwonyesha. Kama angekuwa anataka kufika, angelia. Aliona kwamba wiki nzima alikuwa anautafuta mlima huu, na sasa kwa kuwa umekuja wenyewe alikuwa tayari kuukumbatia. Picha aliipiga kweli. Akaitazama. Ilikuwa picha nzuri, inaaminika. Akaifuta.

Akashuka, akavua koti, akakunja suruali.

"Mzee, unakwenda wapi?" aliuliza yule wa koti la mvua. "Mlima haujatulia. Mawe yanadondoka bado."

"Nakwenda kwa mwanangu."

"Yuko wapi?"

Akaona akisema Roma pale ataonekana kichaa. "Mbele," alijibu.

Aliweka mkoba kichwani kama akina mama wabebavyo na akaingia. Udongo ulimpokea hadi magotini, hatua ya pili hadi mapajani. Kiatu cha kulia kilibaki huko chini na hakukitafuta. Juu yake jiwe liligonga jiwe, watu wa pande zote mbili wakapiga kelele, naye akasimama akiwa ameshika shina la mgomba lililolala. Jiwe likapita mbele yake na kwenda chini bondeni, likisikika kwa muda mrefu. Aliwaza kwamba akifia pale, Marselina ataambiwa alikuwa anarudi nyumbani. Hakuna atakayejua alikuwa anaelekea upande gani. Wazo hilo lilimtia hofu kuliko jiwe. Akaendelea, sasa akitambaa, mkoba akiusukuma mbele.

Upande wa pili walimvuta kwa mikono. Kiatu kilichobaki alikivua akakitupa. Palikuwa na Noah moja inageuza kurudi Mbinga, abiria wake wakiwa wameshakata tamaa ya kushuka ziwani, na dereva alipomwona mzee wa tope anaomba lifti alitaka kukataa kwa ajili ya viti vyake. Mama mmoja ndani akamwambia asiwe mjinga, amtandikie mzee gunia.

Hamphrey alikuwa barabarani Mbinga na karatasi ya tiketi mkononi. Alimtazama tangu kichwani hadi kwenye vidole vya miguu, akaingia garini bila kuambiwa, akazungumza na dereva, na Noah ikapita mjini bila kusimama kuelekea Songea. Njiani alivua raba zake nyeupe.

"Zitakubana," alisema.

"Zinabana," alikubali Mansuetus alipozivaa.

Kila lori la mbele lilikuwa adui, kila tuta la barabarani lilikuwa tusi. Askari mmoja aliwasimamisha, akachungulia ndani, akamwona mzee aliyekauka tope akiwa na rozari mkononi na raba za kijana miguuni, akawaruhusu. Mbingu ya Songea ilikuwa wazi. Walipokaribia uwanja, ndege ilikuwa chini, na watu walikuwa wanatembea kuielekea.

Dada wa mlangoni alikuwa ameshaanza kufunga. "Mzee, tumemaliza. Ungefika mapema."

"Mwanangu," alisema Mansuetus, na sauti yake ilikuwa imekauka, "mapema nilikuwa sitaki."

Dada yule hakuelewa, nani angeelewa. Alitazama tope, alitazama pasipoti, akaona viza. Akaongea na mtu kwenye redio yake ya mkononi, muda ambao Mansuetus aliuona mrefu kuliko mlima. Kisha akamwambia apite haraka, na suruali akaibadilishe Dar.

Simu iliita akiwa chini ya ngazi ya ndege.

"Baba, nimemaliza zamu zangu zote za leo," alisema Marselina. "Nimekupigia kukuomba radhi. Nilikusemesha vibaya. Kama huwezi, huwezi. Nimeshazungumza na yule mzee wa bustani, ni mtu mwema, ana mabinti. Nitashika mkono wake na nitawaza ni wako."

"Usimshike mtu yeyote," alisema Mansuetus. "Niko Songea. Napanda ndege."

Aliusikia mtandao ukivuma. Kisha akasikia mtoto wake akilia, kwa sauti, bila kujificha, na katika kulia huko palikuwa na furaha, lakini palikuwa na kitu kingine ambacho baba hakosi kukitambua. Marselina naye, mahali fulani ndani, alikuwa amengoja azuiliwe. Alikuwa amengoja mtu mmoja duniani ampende kiasi cha kumwambia usiende.

"Baba," alisema mwishowe, "kumbe unakuja kunitoa kweli."

"Nakuja," alisema. "Sitaki. Nakuambia kwa mdomo wangu, sitaki, nyumba imepoa na naogopa. Na nakuja. Umwambie Mama Mkuu asianze."

Wakamhimiza apande. Ndani alionyeshwa kiti na kufungwa mkanda. Ndege ilipoanza kukimbia alilia, na mama aliyekaa pembeni yake, mtu mwenye kilemba cha kwenda harusini, akamshika mkono.

"Usiogope, baba," alimwambia. "Hii ni ya Dar tu. Inapaa na kushuka."

Mansuetus alimwachia mkono wake aushike hadi milima yote ya Songea ilipotoweka machoni.